Kuuguza ni Elimu
Hotuba iliyosomwa mbele ya jamaa wa Kiislamu wa Gasenyi, Bujumbura



Jambo nililolichagua ni la nyumbani mno, hata yamkini mtu akadhani halistahili hotuba. Ni kazi ya kumwosha, kumlisha, kumgeuza na kumvika mzee au mgonjwa asiyeweza kujitendea mwenyewe. Hakuna nyumba iliyosalimika na kazi hii. Aliye na nguvu leo ana mama aliyechoka. Asiye na mama mzee ana ndugu aliyepigwa na kiharusi. Na asiye na mmoja wa hao, mwenyewe yumo njiani kuuelekea uzee.

Neno langu kubwa ni moja: huruma peke yake haitoshi. Mwenye huruma asiyejua humlisha mgonjwa akiwa amelala chali, na chakula kikaingia mapafuni. Mwenye huruma asiyejua humwacha mzee alale upande mmoja usiku kucha ili asimsumbue, na asubuhi ngozi imekwisha kuharibika. Hapana aliyekusudia ubaya katika hayo. Lakini mwili wa mgonjwa hauponi kwa nia zetu njema, ila kwa matendo ya mikono yetu.

Tazameni desturi ya hospitali zetu hapa Bujumbura, iwe ile ya Prince Régent Charles, au ile ya Kamenge ambayo wengi huiita kwa jina la Mfalme Khaled. Mgonjwa akilazwa, huandamana na mtu wake wa kumlinda, ambaye Warundi humwita umurwaza, na wasemao Kifaransa humwita garde-malade. Daktari huandika dawa, muuguzi hupiga sindano na kufunga kidonda. Lakini kuleta uji, kufua shuka, kuosha mwili na kukesha, aghalabu ni kazi ya mlinzi huyo. Na siku mgonjwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani, kazi ya daktari hupungua na ya mlinzi huzidi.

Sasa linganisheni. Huko Marekani ilipitishwa sheria mwaka 1987 juu ya nyumba za kutunzia wazee zipatazo fedha za serikali. Sheria hiyo yataka kila muuguzi msaidizi afundishwe muda usiopungua saa 75, kisha atahiniwe. Na kanuni zake zasema kwamba katika saa hizo, 16 za mwanzo lazima azimalize kabla hajamgusa mzee hata mmoja. Ndugu zetu wengi wa Afrika ya Mashariki waliohamia nchi hiyo hupata riziki yao kwa kazi hii. Basi binti wa kwetu akienda kumtunza mzee wa watu asiyemjua, hufundishwa saa 75. Lakini dada yake aliyebaki nyumbani hukabidhiwa babu yake mwenyewe bila kufundishwa hata saa moja. Je, babu yetu ni mwepesi kuliko babu wa watu?

Wala asiseme mtu kwamba elimu hii ni ya kigeni. Twamkumbuka Bibi Rufaida wa kabila la Aslam, aliyekuwa Madina zama za Mtume. Hema lake lilisimamishwa msikitini, na humo aliwahudumia majeruhi; mmoja wao ni Saad bin Muadh, aliyejeruhiwa katika vita vya Handaki mwaka 627. Na mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga hospitali kubwa mjini Kairo, wakawekwa humo watumishi wanaume kwa wagonjwa wanaume, na wanawake kwa wanawake. Basi tukijifunza leo kuuguza kwa taratibu, twarudia kitu chetu.

Zile saa 16 nilizozitaja zimegawanyika katika mambo matano. Nitayaeleza moja moja, kwa namna yanavyofaa katika nyumba zetu.

Jambo la kwanza ni kusema na mgonjwa. Wahenga walinena, mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni nzuri: usingoje mgonjwa akuombe, mpe. Lakini wako waliolitumia neno hili kumnyamazisha mgonjwa, wakamvua nguo bila kumwambia, wakamtia kijiko kinywani bila kumtazama. Mlinzi mwenye elimu hubisha hodi, hutoa salamu, humwita mzee kwa jina lake la heshima, Babu, Bibi, Mzee wetu, kisha humweleza atakalofanya kabla hajalifanya: "Babu, sasa nakugeuza upande wa kulia." Asimame mbele ya uso wake, aseme taratibu, amwachie nafasi ya kujibu. Hata aliyepooza ulimi kwa kiharusi aweza kuwa anasikia na kufahamu kila neno. Tusimsengenye juu ya kichwa chake.

Yuko pia mzee aliyepotewa na kumbukumbu. Daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliueleza ugonjwa mmoja wa namna hiyo mwaka 1906, na leo duniani kuna watu zaidi ya milioni 50 wenye maradhi ya usahaulifu. Ni ugonjwa wa ubongo. Si uchawi, wala si kiburi, wala si laana. Mzee akiuliza jambo lile lile mara kumi, mjibu mara kumi kwa upole, wala usishindane naye. Pengine ataziacha lugha za ukubwani na kurudia ile ya utoto; aliyesema Kiswahili na Kifaransa miaka 50 aweza kujibu kwa Kirundi tu. Basi mfuateni alipo. Lakini jihadharini: mzee aliyekuwa na akili timamu jana, na leo ghafula anapayuka au hawajui wanawe, huyo hana usahaulifu wa uzee. Huenda ana malaria, au uambukizo wa mkojo, au upungufu wa maji. Apelekwe kwa mganga wa hospitali siku hiyo hiyo.

Jambo la pili ni usafi wa mikono. Mwaka 1847, mjini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru wanafunzi wake waoshe mikono kwa maji ya dawa kabla ya kuwazalisha wanawake, na vifo vya wazazi vikapungua sana. Sisi tunaotawadha kila siku tusione uzito katika jambo hili, ila tujue kwamba udhu hauwi badala ya sabuni. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, viganja, migongo ya mikono, baina ya vidole na chini ya kucha, muda wa sekunde 40 hata 60. Fanya hivyo kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kumlisha, baada ya kumsafisha choo, na baada ya kugusa shuka zake. Pasipo bomba, ndoo yenye mfereji yatosha. Vaa glavu ukishika damu, mkojo au kinyesi, na ukizivua osha mikono vile vile. Kitambaa cha uso kisiwe cha tupu; na mwanamke apanguswe kutoka mbele kwenda nyuma, ili uchafu usiingie njia ya mkojo.

Jambo la tatu ni usalama. Adui wa kwanza wa mzee ni kuanguka. Ondoeni mkeka uliokunjamana mlangoni, kaushe maji sakafuni, acheni taa ndogo iwake njia ya chooni, na fimbo iwe karibu na mkono wake. Usiku wa baridi msiingize mbabula ya makaa katika chumba kilichofungwa: hewa yake haina harufu wala rangi, nayo huua watu waliolala.

Adui wa pili ni kupaliwa. Mgonjwa alishwe akiwa ameketi, kichwa kimeinama mbele kidogo, kwa vijiko vidogo, na hakikisha amemeza cha kwanza kabla hujampa cha pili. Baada ya kula abaki ameketi muda wa nusu saa. Aliyepooza upande mmoja, tia chakula upande ulio mzima, kisha tazama kama hakikubaki shavuni. Akikabwa hata hawezi kukohoa wala kusema, mwinamishe mbele, umpige mara 5 baina ya mabega kwa kitako cha kiganja; kisipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, uishike kwa mkono wa pili, uvute ndani na juu kwa nguvu mara 5. Rudia hivyo kwa zamu, na mtu mwingine akimbie kutafuta msaada.

Jambo la nne ni kumwachia mgonjwa nguvu alizo nazo. Hili hutushinda kwa sababu ya mapenzi yetu. Mzee aweza kuosha uso wake mwenyewe kwa dakika 10, nasi twaweza kumwosha kwa dakika 1. Basi twamnyang'anya kitambaa. Leo twamnyang'anya kitambaa, kesho kijiko, kesho kutwa miguu. Kiungo kisichotumika hukakamaa. Atendalo mwenyewe, aachwe alitende; asiloliweza, tumsaidie hapo tu. Katika kumvika aliyepooza, ingiza kwanza mkono ulio dhaifu; katika kumvua, toa kwanza mkono ulio mzima. Ukimwinua usimvute kwa mikono yake wala usimbebe kwa makwapa, maana bega dhaifu huteguka upesi. Mkaribie, panua miguu, kunja magoti, mgongo wako unyooke, mhesabu pamoja moja, mbili, tatu, msimame. Akitembea, kaa upande wake ulio dhaifu.

Jambo la tano ni heshima na haki yake. Mzee hapotezi haki kwa kupoteza nguvu. Mlango ufungwe anapooshwa. Afunikwe shuka, na kifunuliwe kiungo kimoja tu, kioshwe, kikaushwe, kifunikwe, ndipo kifuatwe kingine. Kadiri iwezekanavyo mwanamume ahudumiwe na mwanamume, na mwanamke na mwanamke. Siri za kitanda chake zisifike barazani. Fedha zake zisitumiwe bila idhini yake. Kumfunga kwa kamba, kumpiga au kumkemea kwa kuwa amejiharibia nguo ni dhuluma. Na Kitabu chetu kimetukataza hata kuguna mbele ya wazazi waliofikia uzee.

Ibada yake nayo ni katika haki zake. Asiyeweza kutumia maji ana ruhusa ya kutayamamu. Asiyeweza kusimama asali ameketi, na asiyeweza kuketi asali amelala, kwa ishara. Mzee asiyeweza kufunga tena ana fidia ya kulisha masikini. Mlinzi amwulize saa yake ya sala, amsafishe kabla yake, na amwelekeze kibla. Na penye shaka, waulizwe masheikh, kama vile penye maumivu waulizwavyo waganga.

Mabwana na mabibi, baada ya hayo matano, liko jambo ambalo kanuni zile huliweka katika mafunzo ya kuutunza mwili, nami nalitaja peke yake kwa kuwa limewatesa wengi kwa siri: vidonda vya kitandani. Mtu akilala bila kujigeuza, mfupa huikandamiza nyama, damu haipiti, nyama hufa. Mahali pa hatari ni juu ya matako, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, mabega na kisogo. Dawa kubwa haiuzwi dukani: ni kumgeuza yapata kila baada ya saa 2, mchana na usiku, kutoka chali hadi kulia, kutoka kulia hadi kushoto. Wako wanaomgeuza mgonjwa wakati wa sala tu. Ni wazo jema, lakini hesabuni: hapa kwetu, kutoka Isha mpaka Alfajiri ni karibu saa 9, na hizo zatosha kabisa kuanzisha kidonda.

Mgeuze kwa kumwinua juu ya shuka, watu wawili wakishika pande mbili, wala usimburure, maana mburuzo huchuna ngozi. Weka mto baina ya magoti, na mto mwingine chini ya miguu ili visigino vining'inie. Shuka iwe kavu na isiwe na mikunjo. Kila siku tazama ngozi. Ukiona alama nyekundu, au kwa ngozi nyeusi alama iliyozidi weusi, yenye joto au ugumu, isiyobadilika unapoibonyeza kwa kidole, hiyo ni onyo la kwanza. Usiisugue, wala usimkalishe juu ya pete ya nguo. Mwondoe juu ya mahali hapo, na umwite muuguzi. Tusifiche kidonda kwa kuona aibu. Aibu ni kukificha mpaka kikafika mfupani.

Nanyi mlio na watoto wanaojua kuandika, wapeni daftari la mgonjwa. Kila siku waandike: amekula nini, amekunywa vikombe vingapi, amekwenda haja mara ngapi, ngozi yake iko namna gani, amelala vipi. Wazee wengi hawaoni kiu hata mwili unapotaka maji. Basi wapewe kidogo kidogo bila kungoja waombe, isipokuwa yule ambaye mganga amempimia maji yake. Mkojo ukiwa mchache na mweusi, hiyo ni ishara ya upungufu wa maji. Muuguzi akija akakuta daftari la siku saba, ataona katika dakika moja jambo ambalo maneno yetu ya kukumbuka-kumbuka hayangemwonyesha.

Sasa nasema juu ya mlinzi mwenyewe. Katika nyumba nyingi mzigo huu humwangukia mwanamke mmoja: binti asiyeolewa, au mke wa mwana. Hukesha usiku, hupika mchana, huacha biashara yake sokoni au masomo yake, na jamaa wapitao kumjulia hali mgonjwa hawamwulizi yeye hali yake. Mtu aliyechoka huangusha, aliyechoka hukemea, aliyechoka husahau kugeuza. Kwa hiyo kumpumzisha mlinzi ni sehemu ya kumtibu mgonjwa. Wana wa kiume wasidhani kwamba wamemaliza wajibu wao kwa kutuma fedha. Baba aliyewabeba mabegani anastahili mikono yao pia.

Kuwatunza wazee ni jambo la umma wote. Zanzibar walilitambua hili, na tangu Aprili 2016 serikali yao ilianza kuwapa wazee wote waliotimiza miaka 70 pensheni, iliyokuwa wakati huo shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, bila kuuliza kama waliwahi kuajiriwa. Sisi hatuna hazina ya serikali mikononi mwetu, lakini tunayo jumuiya, na jumuiya ni hazina pia.

Basi naleta mbele yenu mapendekezo matatu. La kwanza, kila mtaa uchague wanaume wawili na wanawake wawili, nasi tuwaombe wauguzi waliosoma walio miongoni mwetu wawafundishe haya, si kwa maneno tu bali juu ya kitanda, mpaka kila mmoja aonyeshe kwamba aweza. Tuanze na zile saa 16. Hazizidi siku nne za saa nne nne. La pili, liwekwe sanduku la jumuiya, lenye sabuni, glavu, shuka, beseni na kitambaa cha mpira, liazimwe kwa nyumba yenye mgonjwa bila malipo. La tatu, pawe na zamu: kila nyumba yenye mgonjwa wa kitandani ipate mtu wa kumpokea mlinzi walau usiku mmoja kwa juma, ili naye alale.

Ndugu zangu, kumzika maiti sote twajua. Jamaa akifa hatukosi wa kumwosha wala wa kumchukua. Ni sifa njema, nayo idumu. Lakini isiwe kwamba mtu hukosa wa kumwosha vizuri akiwa hai, kisha siku ya kufa kwake akapata mia. Tujifunze kuwaosha walio hai, wakati wangali wanaweza kutuombea dua.

Namwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowalinda, awarehemu waliotangulia, na aitie baraka mikono yetu katika kazi hii. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.